Kalkuleta ya Ipole haikuwa kalkuleta

Wadau, nimekuwa adimu hapa kibarazani kwa wiki tatu hivi, mniwie radhi. Kazi ya gazeti inataka miguu, na safari hii miguu ilinipeleka Ipole, wilaya ya Sikonge, kufuatilia bei ya asali. Habari ya asali ilishatoka, mhariri akaikata nusu kama kawaida yake, yameisha. Hii ninayoandika leo isingepata nafasi gazetini hata kwa dawa, ndiyo maana naileta hapa.

Kwa asiyepajua, Ipole ni njia panda. Unatoka Tabora, unapita Sikonge, unazidi kwenda kusini, na ukifika Ipole barabara inagawanyika: moja inakwenda Mpanda, nyingine inakwenda Rungwa hadi Chunya na Mbeya. Miombo kushoto, miombo kulia, mizinga juu ya miti, mabani ya tumbaku nyuma ya nyumba. Malori yanasimama, abiria wanakunywa chai, na kama ilivyo kwa kila njia panda ya nchi hii, yupo fundi simu.

Fundi wa Ipole ana kibanda, paneli moja ya sola juu ya bati, na ndoo ya rangi iliyojaa simu zilizokufa. Simu yangu ilikuwa imegoma kuchaji. Wakati anaichokonoa mimi nikawa napekua ndoo yake (ni ugonjwa wangu, nitaueleza). Chini kabisa, katikati ya magamba ya simu za tochi, nikakuta kitu kilichokaa kama simu iliyovimba. Kioo kikubwa cha kijivu, vitufe chini ya kioo, hakina antena, hakina mahali pa kuweka laini.

"Hiyo kalkuleta hiyo, kaka," fundi akaniambia bila kuinua kichwa. "Ya mnunuzi mmoja wa asali. Alikuwa anapigia hesabu, siku moja ikazima moja kwa moja, akaniachia kwa deni la kuchajisha."

Nikaigeuza. Palm m105. Nikamuuliza anataka shilingi ngapi, akasema elfu tatu. Nikatoa elfu tatu bila kuomba apunguze, akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyenunua kiatu kimoja.

Sasa, ndugu msomaji, nieleze huo ugonjwa. Ninakusanya kompyuta za kiganjani. Sisemi simu za zamani, hizo wakusanyaji wake wapo wengi. Nasema vile vidude vilivyotangulia simujanja, ambavyo wenye navyo walivitoa mfukoni kuandikia miadi, anwani na hesabu kwa kijiti cha plastiki, wakati simu ilikuwa bado ni ya kupigia tu. Nilianza nikiwa chuo. Mzee mmoja mhandisi aliyestaafu, ambaye nilimhoji kwa ajili ya utafiti wangu wa mwaka wa tatu, alinipa Psion Series 3a aliyoinunua Uingereza miaka ya tisini. Inafunguka kama boksi la miwani, ndani ina kibodi na kioo, inakula betri mbili za kawaida kama za redio ndogo. Niliweka betri, ikawaka. Ndani nikakuta ratiba za vikao vya mwaka 1995, majina ya watu ambao mzee alisema nusu yao wameshazikwa, na orodha ya vipuri vya pampu ya maji. Alikaa kimya muda mrefu anavisoma. Kuanzia siku ile nikawa nimekwisha.

Kwa hiyo Ipole nilijua nimeshika nini. Palm m105 ilitoka mwaka 2001. Kumbukumbu yake ni megabaiti nane, yaani picha mbili tatu za simu yako ya leo zinaijaza. Kioo chake hakina rangi. Lakini inatumia betri mbili nyembamba, zile za rimoti ya televisheni, na betri hizo zinaikalisha wiki kadhaa. Nawaomba mlitafakari hilo kidogo mkiwa mmekaa kijijini kwenu ambako umeme ni wa wasiwasi na simujanja yako inaomba chaji kila magharibi. Yule mnunuzi wa asali hakuwa mjinga hata kidogo. Kati ya vidude vyote vilivyopita Ipole, kile ndicho kilichoweza kuishi Ipole.

Nikavuka barabara, dukani, nikanunua betri za rimoti. Sehemu ya betri ilikuwa imeota chumvi ya kijani, nikaikwangua kwa wembe na kuisugua kwa ndimu (wakusanyaji wenzangu wa Ulaya wana dawa zao za chupa, mimi nina ndimu). Nikafunga, nikabonyeza. Kioo kikawaka. Kikaniambia karibu, kikaniomba niguse alama fulani pembeni, halafu nyingine, halafu ya katikati, ili kijue kidole changu kinagusa wapi.

Mwenye kujua vidude hivi, hapo moyo unashuka. Kifaa kikikuomba uguse alama hizo, maana yake kimezaliwa upya. Hakina kitu. Palm za wakati ule hazikuwa na hifadhi ya kudumu kwa kumbukumbu zako. Kila ulichoandika kilikaa katika kumbukumbu inayotegemea umeme wa betri muda wote, hata ukiwa umezima. Unapobadilisha betri una takriban dakika moja. Ukichelewa, au ukisahau kifaa kabatini mwezi mzima, yote yanafutika kama ubao wa darasani: majina, maelezo, programu ulizoongeza. Kinabaki kile tu kilichotoka nacho kiwandani, na kalkuleta ikiwemo. Ndiyo maana yule bwana wa asali alikuwa na kalkuleta.

Kabla ya kuwa kalkuleta ilikuwa nini? Kwenye mgongo wake kulikuwa na alama ya gundi mahali palipobanduliwa karatasi, ile stika ya mali yenye namba. Mtu binafsi habandiki namba ya mali kwenye kidude chake. Ilikuwa ya mradi.

Jioni nikiwa gesti Sikonge nikampigia mama yangu, Nachingwea, kumjulia hali. Katika kumsimulia safari nikamwambia nimenunua kidude cha kizamani, unakichoma-choma kwa kijiti. Mama akadakia palepale.

"Kama kile cha yule binti aliyekuja kutuandika?"

"Binti gani, mama?"

"Wewe ulikuwa mdogo, baba. Alikuja binti na wenzake, wakapita nyumba kwa nyumba. Anauliza chandarua, anauliza homa za watoto, anauliza bati na redio. Haandiki kwenye daftari, anachoma kwa kijiti. Sisi tukadhani ni kalkuleta ya wanunuzi wa korosho."

Nilinyamaza. Mama anakumbuka kwamba mdogo wangu alikuwa bado ananyonya, na hiyo inanipa mwaka: 2004. Na mwaka 2004 ni mwaka ninaoujua, kwa sababu nimeusoma.

Mwaka huo watafiti wa Ifakara na wenzao walifanya uchunguzi mkubwa wa kaya katika wilaya tano za kusini: Nachingwea, Lindi Vijijini, Ruangwa, Newala na Tandahimba. Ulikuwa ni sehemu ya utafiti wa kuwakinga watoto wachanga na malaria. Badala ya kubeba malundo ya madodoso ya karatasi, wadadisi walibeba kompyuta za kiganjani. Walitembelea kaya 21,600 zenye watu 83,346. Mwaka 2007 Kizito Shirima na wenzake wakachapisha makala ya kisayansi kueleza jinsi kazi ilivyokwenda, na jambo moja katika makala ile ndilo lililowashangaza wengi: takwimu ghafi zote zilikuwa tayari ndani ya saa 24 baada ya mdadisi wa mwisho kumaliza.

Aliyewahi kufanya kazi ya madodoso atanielewa. Kwa karatasi, ukishamaliza kijijini ndiyo kwanza kazi inaanza. Maboksi yanasafirishwa, makarani wanaingiza kwenye kompyuta kubwa, wengine wanaingiza tena mara ya pili ili kulinganisha, na huko mbele ya safari ndipo mtu anagundua kwamba mwanamume wa Tandahimba ameandikwa ana mimba ya miezi sita. Kwenye kile kidude, ukishajaza kwamba aliyehojiwa ni mwanamume, maswali ya mimba yanajiruka yenyewe. Ukiandika mtoto ana miaka 120, kinakataa palepale mlangoni, mama mwenye mtoto akiwa bado amekaa mbele yako. Jioni mdadisi anarudi, kifaa kinaunganishwa na kompyuta, majibu ya siku nzima yanahamia huko.

Je, mama yangu na mimi tumo katika wale 83,346? Sina uthibitisho. Utafiti wa namna ile hauweki majina hadharani, na ni vizuri hivyo. Lakini tarehe inakubali, wilaya inakubali, kijiti kinakubali. Na kama simo, basi yumo mtoto mwingine wa Nachingwea wa umri wangu ambaye hajui.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Hizi kompyuta za kiganjani, katika nchi zilikotengenezwa, zinakumbukwa kama mapambo ya wafanyabiashara. Ukisoma wanavyoandika wakusanyaji wa huko utakuta habari za mameneja waliokuwa wanaandika miadi ndani ya treni. Ni kweli, lakini ni nusu ya historia. Nusu nyingine ilifanyika kwetu, juu ya mikeka, na kwa maoni yangu ndiyo nusu nzito zaidi. Uganda kuanzia mwaka 2003, shirika la SATELLIFE la Marekani na Chuo Kikuu cha Makerere waliendesha mtandao wa habari za afya wa kompyuta za kiganjani, Rakai na Mbale zikiwa miongoni mwa wilaya za mwanzo. Mhudumu wa kituo cha afya alikuwa anajaza ripoti zake katika Palm, anafika kwenye kisanduku kilichofungwa kituoni, anakielekezea kifaa chake, ripoti inaruka kwa mwanga usioonekana kisha inasafiri kwa mtandao wa simu hadi Kampala, na hapohapo anapokea masomo mapya ya tiba. Kijiji hakina umeme wala intaneti! Mtwara nako walijaribu kumpa mhudumu wa zahanati kifaa cha kiganjani kinachomwongoza hatua kwa hatua kumpima mtoto mgonjwa, na matokeo yakachapishwa 2008. Afrika Kusini, Louis Liebenberg alitengeneza CyberTracker, programu ya picha tupu iliyowawezesha wafuatiliaji nyayo wasiojua kusoma kurekodi walichokiona porini, kwanza kwenye Newton ya Apple kisha kwenye Palm.

Hapo nikawaza wale askari wa wanyamapori wa vijiji vya Ipole, maana Ipole ina eneo lake la hifadhi ya jamii, nikawaza ni vitu vingapi vimejaribiwa porini kwetu na kusahauliwa.

Mambo haya yalifanyika miaka ambayo mjini watu walikuwa wanapanga foleni intaneti kafe. Na yalifanyika katika nchi ambayo mwaka 1974 serikali yake ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Miaka thelathini kutoka marufuku hadi binti wa Kitanzania kuingia uani kwa mama yangu na kompyuta mkononi. Hiyo si habari? Kama hiyo si habari basi sijui kazi yangu.

Lakini nenda katafute kimoja kati ya vifaa vile ukakione. Mimi nimetafuta. Mara mbili nimeandika barua kwa ofisi zilizowahi kuendesha tafiti za namna hii (sitazitaja, watu wake wana kazi nyingi na mimi si wa kwanza kuwasumbua). Ofisi moja haikujibu. Nyingine waliniita, wakanipa soda, mtunza stoo akaniambia kwa upole kabisa kwamba vifaa vya mradi ule vilikuwemo kwenye boksi, boksi likakaa miaka, likapigwa mnada pamoja na viti vibovu na matairi. Nani alinunua? Akacheka. Mtu wa chuma chakavu.

Kwa hiyo njia ya kutoka stoo ya mradi hadi ndoo ya fundi wa Ipole ninaweza kuikisia, ingawa kwa kifaa changu sitaijua kamwe, maana kumbukumbu yake ilifutika siku ambayo mtu mmoja alichelewa kubadilisha betri.

Nawajua baadhi yenu. Mtasema: zahanati hazina dawa, madarasa hayana madawati, wewe unalilia kalkuleta mbovu? Rafiki yangu mmoja wa pale chumba cha habari alinichana wazi: takwimu zenyewe si zimehifadhiwa, watafiti si walizitumia, sera si zilitungwa, sasa ganda la nini? Ni hoja nzuri na sitaki kuikimbia. Kweli, takwimu za kusini zilihamishwa na kutumika, hakuna aliyezipoteza. Kilichopotea ni namna zilivyopatikana. Swali lilivyosomeka kwa Kiswahili juu ya kioo cha sentimita sita. Mdadisi alivyomweleza mama wa Kimwera kwamba hiki si simu na siwezi kukupigia Dar. Jinsi alivyochaji, alivyokificha mvua, alivyoogopa kukiangusha mtoni. Ukisoma makala ya kitaalamu unapata asilimia na gharama. Yule binti humpati.

Na sisi watu wa Tabora tulipaswa kulijua jambo hili kuliko wengine, kwa sababu tunaishi juu ya njia ya misafara. Pale Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kuna tembe alilokaa Livingstone hadi Agosti 1872. Ni makumbusho. Stanley alikuwa amepita njia ya kusini mwaka 1871, akizunguka kukwepa vita vya Mirambo, ili amfikie Ujiji. Livingstone alipofariki Mei 1873, Susi, Chuma na wenzao walibeba mwili wake, vitabu vyake na vifaa vyake vya kupimia hadi Unyanyembe, hapa hapa kwetu. Wakamkuta Luteni Cameron, naye akavichukua vifaa vingi vya kupimia akaendelea navyo safari yake. Waliovibeba hawakupenda, lakini nani alikuwa anawauliza. Vifaa vile ndivyo vilikuwa kompyuta za kiganjani za zama zile: unapima nyota, unapiga hesabu, unaandika daftarini ulipo.

Tazameni walivyovitunza wao. Mwaka 1871 Livingstone aliishiwa karatasi huko Kongo, akaandika shajara yake juu ya gazeti la zamani kwa wino aliotengeneza kwa matunda ya porini. Wino ukafifia hadi maandishi yakawa hayasomeki. Watafiti wakaja kuzipiga picha kurasa zile kwa mianga ya rangi mbalimbali, mojamoja, hadi herufi zikajitokeza, na mwaka 2011 wakaichapisha. Miaka 140 baadaye! Kwa ajili ya gazeti lililofifia. Na huko California, kwenye makumbusho ya historia ya kompyuta ya Mountain View, wamehifadhi kipande cha mbao. Naam, mbao. Jeff Hawkins, mwanzilishi wa Palm, kabla hajatengeneza Palm ya kwanza alichonga gogo dogo la ukubwa wa mfuko wa shati, akawa anatembea nalo, mtu akimwomba miadi analitoa na kujifanya anaandika kwa kijiti, ili aone kama binadamu atakubali kuishi na kitu kama hicho. Mwaka 1996 Palm ya kwanza ikauzwa. Wenzetu wametunza gogo. Sisi hatujatunza hata kifaa chenyewe kilichoandika watu elfu themanini na tatu wa kwetu.

Siwaonei wivu kwa kuwa na fedha. Kabati moja haligharimu fedha. Nasema kabati moja la kioo, Makumbusho ya Taifa au pale Mlimani, lenye kifaa kimoja kimoja, na pembeni maelezo ya mtu aliyekitumia. Sensa ya Agosti 2022 tuliifanya kwa vishikwambi, ikatupa watu 61,741,120, na baadaye vishikwambi vile wakagawiwa walimu. Vizuri sana, vifundishe. (Neno lenyewe kishikwambi wengi wetu tulilizoea katika sensa ile, na nalipenda, lina ladha ya kitu kinachokimbia.) Swali langu dogo: kuna mtu ameweka kimoja pembeni, kikiwa na dodoso lile ndani yake? Maana baada ya miaka ishirini nacho kitakuwa kwenye ndoo ya fundi, na fundi atamwambia kijana fulani kwamba ni kioo cha kuangalizia katuni.

Halafu wapo watakaosema kila kitu kiko mtandaoni siku hizi. Oktoba 2022 Internet Archive waliweka mamia ya programu za Palm, unaweza kuzichezea kwenye kompyuta yako kana kwamba kifaa unacho. Nimekaa humo usiku mwingi. Utakuta michezo ya karata, kamusi, vikokotoo vya mkopo wa nyumba. Dodoso la Kiswahili sijaliona hata moja. Hakuna aliyelipeleka, na asingeweza kulipeleka mtu wa California, kwa sababu hajui kama liliwahi kuwepo.

Hapa ndipo mkusanyaji wa Tabora ana faida ambayo yule wa London hana. Yeye ana Psion ishirini kwenye rafu, zimesafishwa, zinang'aa, anajua kwamba waya wa kioo cha Series 5 unakatika na kwamba mpira wake wa nje unayeyuka na kunata. Anajua kwamba mfumo wa Psion ndio uliozaa Symbian mwaka 1998, ile iliyokuja kuendesha Nokia N70 aliyokuwa anaringia mjomba wangu. Anajua kwamba Newton ya 1993 ilibeba chipu ya ARM, ukoo uleule wa chipu iliyomo kwenye simu ya fundi wa Ipole leo. Nami nimejifunza kwake mengi. Lakini yeye hawezi kumpigia mama yangu.

Hivyo nimeanza mwenyewe. Jumapili iliyopita nilimpigia tena mama, safari hii nikamwomba anisimulie taratibu, nami nikawa naandika ndani ya ile Palm kwa kijiti. Unaandika kwa herufi zao maalumu: A ni V iliyopinduliwa, bila kimstari cha katikati. Kiswahili kinakwenda vizuri, isipokuwa ng' ya ng'ombe, ambayo kile kialama chake cha juu kinataka ugonge kwanza ndipo uchore. Ukurasa mmoja unabeba herufi elfu nne tu. Mama alijaza kurasa tatu. Alikumbuka rangi ya kitenge cha yule binti. Alikumbuka kwamba alipewa maji akanywa vikombe viwili, na kwamba kabla hajaondoka alimgeuzia kile kioo akamwonyesha, akamwambia mama, haya ndiyo majibu yako. Mama hakuyasoma, jua lilikuwa kali na kioo hakionyeshi juani. Akaitikia tu.

Kurasa zile tatu nimezinakili kwa kalamu kwenye daftari, siku hiyohiyo.

Kama wewe ulikuwa mdadisi miaka ile, Lindi, Mtwara, Rakai, Eldoret, popote, ukabeba kidude cha kijiti, tafadhali niandikie. Kama unacho bado kabatini, usimpe mtu wa chuma chakavu, mimi nitakulipa zaidi yake, na nauli juu. Na kama ni wewe uliyepita kwetu Nachingwea ukanywa maji vikombe viwili, mama anakusalimu, anasema yule mtoto aliyekuwa ananyonya sasa yuko chuo.

Betri za Palm zimeanza kuonyesha alama ya kuisha. Nimeshanunua nyingine mbili, nitabadilisha Jumamosi asubuhi, saa ikiwa mbele yangu.